Piga Magoti Kabla ya Kulipa

Katika harusi zetu za Dar es Salaam kuna dakika chache zinazomuumbua fundi. Bibi harusi anapoingia ukumbini, muziki, taa na vigelegele humbeba. Lakini keki ikishakatwa, inabidi aende mbele ya wazazi na wakwe, apige magoti na kuwalisha. Nimewasimamia ndugu na marafiki mara kadhaa, pini, uzi na sindano vikiwa mkobani, na dakika hizo zimenifundisha magauni kuliko duka lolote.

Harusi moja sitaisahau. Binti alivaa gauni lisilo na mikono, tulilolikodi kwa pesa nyingi. Kila akiinama, mkono mmoja ulishika kipande cha keki na wa pili ulivuta kifua cha gauni kisiteremke. Ukifungua albamu yake leo, mkono ule umo karibu katika kila picha. Gauni lilimpendeza sana akiwa amesimama, na sisi tulimchagulia akiwa amesimama. Hapo ndipo tulipokosea.

Tangu siku ile naamini kwamba mshono unaompendeza mtu ni ule unaobaki mahali pake mwili ukisogea. Umbo la mwili ni nusu tu ya hesabu.

Kiuno kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza: mwenye nyonga pana avae nini, mfupi avae nini? Wewe anza na kiuno. Funga kamba nyembamba tumboni, kisha jipinde kushoto na kulia. Kamba itajipeleka yenyewe kwenye kiuno chako halisi. Weka alama hapo, halafu vaa gauni uone kama kiuno chake kimelingana na alama.

Magauni ya kukodi yameshonwa kwa kiwiliwili cha mtu mwingine, ndiyo maana kosa hili ni la kawaida. Kiuno cha gauni kikishuka hata sentimita 2, kitambaa hujikusanya juu ya nyonga na miguu huonekana mifupi. Angalia pia mgawanyo wa kimo. Gauni linalomkata mtu katikati humfupisha, ila sehemu ya juu ikichukua theluthi moja na sketi theluthi mbili, mtu hurefuka bila kuongeza kisigino.

Mishono mitano na siri zake

*Herufi A.* Jina hili lilienea baada ya Christian Dior kuwapa wateja wake wa Paris mkusanyo wa nguo wenye umbo hilo mwaka 1955. Gauni hushika kifua na kiuno, kisha hufunguka taratibu hadi chini. Ndio mshono unaosamehe mengi, kuanzia nyonga pana hadi tumbo la mama aliyejifungua karibuni. Ubora wake uko kwenye ukataji: sketi ifunguke kwa vipande vilivyokatwa vyembamba juu na vipana chini. Ikifunguka kwa marinda yaliyorundikwa kiunoni, kiuno kinanenepa.

*Solo na gagulo.* Sketi pana huumba kiuno hata pale ambapo kiuno hakionekani, na humfaa mwenye nyonga nyembamba au kimo kirefu. Mfupi aivae, ila kwa upana wa kiasi, isije ikammeza. Chunguza gagulo: matabaka ya neti yaanze chini ya nyonga, si kiunoni. Kisha fikiria gari. Julai 1981, siku ya harusi yake, Diana aliposhuka kwenye gari la kifalme la kukokotwa na farasi pale kanisa la St Paul's, London, hariri ya taffeta ya gauni lake ilikuwa imejikunja vibaya, na mkia wake ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita 7. Kunja kitambaa mkononi, kibane kwa dakika moja, ukiachie. Usipopenda unachokiona, hutakipenda mlangoni mwa kanisa.

*Nguva.* Wengi huuita mameidi. Hubana hadi mapajani kisha hufunguka, na mwenye nyonga anayejivunia nyonga zake hung'ara ndani yake. Tazama mahali panapoanza kufunguka. Pakiwa juu ya goti kwa kiganja kimoja, utapanda ngazi na kupiga magoti. Pakiwa chini ya goti, utatembea kwa hatua za kuomba ruhusa usiku kucha.

*Empaya.* Mshono huu ulitamba Ufaransa enzi za Napoleon na mkewe Joséphine. Kiuno hupandishwa hadi chini ya matiti, na sketi hushuka bila kugusa tumbo. Humfaa mjamzito, na humrefusha mfupi. Mshono wa kiuno ukae chini kabisa ya matiti. Ukipita juu yake, hata kidogo, gauni zima linaonekana la kuazima.

*Mnyoofu uliokatwa mshazari.* Kitambaa hulazwa pembe ya nyuzi 45, nacho hupata mvutiko na kuufuata mwili kama maji. Madeleine Vionnet ndiye aliyeufanya ukataji huu kuwa sanaa, huko Paris katika miaka ya 1920. Carolyn Bessette aliuvaa mwaka 1996 alipoolewa na John F. Kennedy Jr., na hadi leo maharusi huwaletea mafundi picha ile. Ila mshono huu hauna pa kujificha, na hautaki haraka. Kitambaa cha mshazari huendelea kurefuka kikining'inia, hivyo fundi mzuri hulitundika gauni angalau siku nzima kabla ya kukata pindo. Akikuahidi la kesho asubuhi, pindo litapanda huku na kushuka kule.

Soma mikunjo

Simama mbele ya kioo, usijivute wala kujibana. Mikunjo ya kulala inasema gauni linabana. Mikunjo ya kusimama inasema limezidi. Mkunjo wa mshazari ni kama kidole: fuata unakoelekea, utafika kwenye kosa, iwe ni ncha ya titi, bega au nyonga. Usidanganywe na sanamu ya dukani. Mara nyingi gauni limebanwa na vibanio mgongoni, na sanamu haipumui wala haiketi.

Geuza ndani

Sasa lifungue na uligeuze. Gauni lisilo na mikono lazima lining'inie kiunoni, maana kifua hakiwezi kubeba kilo kadhaa za kitambaa kwa saa nane. Tafuta utepe imara usiovutika, ulioshonewa ndani kiunoni, wenye kulabu zake, unaofungwa kabla ya zipu. Huo utepe ndio unaobeba uzito. Tafuta pia vijiti vinavyosimamisha kifua: viwe ndani ya mifuko yake na ncha zisichome. Gusa bitana. Kwenye joto la Desemba, bitana isiyopitisha hewa itakulowesha kabla ya misa kuisha.

Gauni la binti yule nililigeuza siku ya kulirudisha. Vijiti vilikuwemo, bitana ilikuwemo, utepe haukuwepo.

Jaribio la mwisho

Nenda dukani na viatu utakavyovaa na sidiria utakayovaa, kwa sababu pindo na kifua hupimwa kwa hivyo. Inua mikono kama unayemkumbatia shangazi mrefu. Keti, uvute pumzi hadi tumboni. Panda ngazi bila kushikwa. Cheza wimbo mmoja mzima. Mwisho piga magoti, nyoosha mikono yote miwili mbele, kisha inuka.

Mdogo wangu alipoolewa, alifanya haya yote mbele ya wateja wengine, na gauni la kwanza na la pili yakashindwa kwenye magoti. La tatu lilikuwa la herufi A, na fundi alilitia utepe wa kiuno siku ileile. Usiku wa harusi nilikaa karibu na pini zangu, tayari. Alipiga magoti mbele ya mama, akamlisha keki, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili. Pini nilirudi nazo nyumbani.