Anayelala Jukwaani Hajalala

Ukitaka kujua mpumbazaji wa jukwaani, yule mtu wa hipnosisi, anavyofanya kazi yake, usimkodolee macho yule anayetafuna kitunguu kibichi huku akisifu utamu wa tofaa. Watazame wale waliorudishwa kwenye viti vyao muda mfupi kabla. Siri ya onesho iko kwao, na ukumbi umekwisha kuwasahau.

Kazi huanza kwa jaribio dogo ambalo kila mtu hushirikishwa. Watu huambiwa wapishanishe vidole vya mikono miwili, wakaze, wafumbe macho, na wajione kana kwamba viganja vimegandishwa kwa gundi. Kisha huambiwa wajaribu kuviachanisha, na kwamba hawataweza. Wengi huviachanisha mara moja. Wachache hubaki wanavutana na mikono yao wenyewe, nao ndio wanaoitwa mbele. Huko mbele kuna chujio la pili. Mpumbazaji huwapitia mmoja mmoja, akiwaambia kope zimekuwa nzito au mkono umekuwa mwepesi unapaa, na kila asiyeitikia hupigwa bega taratibu, hushukuriwa na kurudishwa akakae. Hadi kufika kwenye kituko cha kwanza cha kuchekesha, kati ya watu ishirini waliopanda wamebaki watano au sita.

Watu hao hawakutengenezwa na macho yake wala na saa anayoininginiza. Walikuwamo ukumbini tangu awali. Mwaka 1959 André Weitzenhoffer na Ernest Hilgard wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa kipimo chenye vipengele 12 cha kupima jinsi mtu anavyopokea maagizo ya hipnosisi, na vipimo vya namna hiyo vimeonesha jambo lile lile kila vilipotumika: watu wengi wako katikati, wachache hawaguswi kabisa, na wachache huitikia karibu kila wanachoambiwa. Katika ukumbi wa watu mia mbili hao wa mwisho hawakosekani. Kazi ni kuwapata haraka bila hadhira kutambua kuwa wanatafutwa.

Maelezo bora ninayoyajua juu ya ufundi huu yaliandikwa mwaka 1971 na William Meeker na Theodore Barber. Waliorodhesha mbinu ambazo mtazamaji hazioni. Mojawapo ni mnong'ono: mpumbazaji husogea mbali na kipaza sauti, humwinamia aliyejitolea na kumwomba kwa upole afumbe macho, amsaidie kuwafurahisha watu. Ukumbi unaona mtu amelegea ghafla, na hausikii ombi lililotangulia. Nyingine ni kutojaribu. Mtu huambiwa hawezi kuinuka kitini, halafu kabla hajapata nafasi ya kuthubutu kuinuka, agizo jipya limekwisha kufika. Na kuna ile ya mtu kulazwa kati ya viti viwili, kichwa na mabega huku, vifundo vya miguu kule, mwili umenyooka kama ubao. Watu hupiga kelele za mshangao, lakini mtu mwenye afya anaweza kukaa hivyo kwa dakika kadhaa akiwa macho kabisa, bila kupumbazwa na mtu. Ni misuli ya mgongo tu, na hakuna anayeijaribu nyumbani ili ajue.

Baada ya kuyasoma hayo mtu aweza kuhitimisha kuwa yote ni uongo. Mimi sikubali. Katika miaka ya 1840 daktari wa Kiskoti, James Esdaile, aliyekuwa Hooghly karibu na Calcutta, alipasua mamia ya wagonjwa kwa kuwapumbaza tu, kabla dawa ya usingizi haijaenea. Wengi wao walikuwa wanaume wenye mabusha makubwa ya matende, ugonjwa ambao watu wa kisiwa cha Pemba hawahitaji kuelezwa. Wapo waliokunja uso na kugugumia, hilo halikufichwa, lakini walilala mezani wakakatwa. Na mwaka 2002 Amir Raz na wenzake walitumia jaribio ambalo ni gumu sana kulighushi: neno la rangi limeandikwa kwa wino wa rangi nyingine, na unatakiwa utaje wino upesi. Kila msomaji hujikwaa. Wale wenye kupokea sana maagizo waliambiwa kuwa wataona alama zisizo na maana, na kujikwaa kwao kukatoweka. Hapo tofauti inapimwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mtu anayejifanya hawezi kuipangia.

Kwa hiyo kuna kitu cha kweli, na kuna maigizo, navyo vimo ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Watu hushindwa kuupokea ukweli huu kwa sababu wanataka jibu moja: amelala au anatuchezea?

Martin Orne na Frederick Evans waliliweka swali hilo kwenye mizani mwaka 1965. Waliwapumbaza watu wachache walio wepesi sana kupumbazwa, wakawaagiza wamshike nyoka wa sumu, watie mkono kwenye tindikali inayofuka moshi, kisha wammwagie tindikali msaidizi usoni. Watano kati ya sita walifanya yote. Ungesema basi, hipnosisi humtoa mtu akili. Lakini watafiti waliweka kundi la pili, watu sita wasiopumbazwa walioombwa wajifanye wamepumbazwa, na wote sita walifanya yale yale. Walipoulizwa baadaye, walieleza kuwa walijua wamo katika jaribio la chuo kikuu na kwamba lazima kuna kinga iliyowekwa. Kweli ilikuwepo: kioo kisichoonekana kati ya mkono na nyoka, na kimiminika kilichobadilishwa kwa siri. Walitii kwa sababu waliiamini meza, chumba na mtu aliyewaagiza.

Aliyepanda jukwaani hufanya hesabu hiyo hiyo bila kuitamka. Amelipia tiketi, au amevutwa na rafiki zake. Taa zimemwakia, watu mia mbili wanamngoja, na kukataa kungekuwa kuwaharibia starehe. Zaidi ya yote amepewa ruhusa. Atakachokifanya katika nusu saa ijayo, akibweka, akicheza ngoma ya aibu, akikumbatia fagio, hakitaandikwa kwenye jina lake. Kesho atasema alikuwa amepumbazwa, na jamaa zake watacheka pamoja naye. Sijui mahali pengine ambapo mtu mzima huuziwa ruhusa kama hiyo kwa bei rahisi namna ile.

Pemba, lakini, ruhusa hiyo hutolewa kilingeni, kwenye uganga wa pepo, nayo ni ya zamani kuliko majukwaa, na ufundi wake ni mpana zaidi. Niseme wazi kwamba sijadili kama majini wapo. Muislamu ana sura nzima ya Kurani yenye jina lao, na safu hii haina la kuongeza hapo. Ninachokichambua ni jinsi kilinge kinavyoendeshwa: nani anafanya nini, kwa utaratibu gani, na aliyepandwa na pepo anaruhusiwa nini.

Kwanza, kazi huanza kabla ya mgonjwa kufika. Evelyn Waugh alipita Zanzibar na Pemba akaandika katika kitabu chake cha 1931 kuwa Pemba ilisemwa kuwa ndiyo chuo cha uchawi, na kwamba hata kutoka Haiti watu hudaiwa kuja kutafuta elimu. Alikuwa anarudia uvumi, lakini uvumi wenyewe una nguvu. Mtu anayevuka bahari kutoka Tanga au Mombasa kwenda kwa fundi wa kilinge wa Pemba ameuza kitu ili apate nauli, ametapika njiani, na tangu utotoni ameambiwa kuwa huko ndiko kwenye wajuzi. Akishuka Mkoani, nusu ya kazi imekwisha. Mpumbazaji wa jukwaani huyatengeneza hayo kwa mabango na muziki wa kufungulia pazia. Fundi wa Pemba ameyarithi.

Nchini Ufaransa mwaka 1784 nguvu hii ya matarajio ilionekana peupe. Mfalme Louis wa 16 aliunda tume, ndani yake akiwemo Benjamin Franklin, ichunguze madai ya Franz Mesmer ya nguvu ya sumaku iponyayo. Kijana wa miaka 12 alifungwa macho akapelekwa bustanini akumbatie miti, akiwa ameambiwa kuwa mmoja umetiwa nguvu. Alizimia kwenye mti wa nne, ambao haukuguswa na mtu. Wenye nguvu ulikuwa mbali. Tume ikahitimisha kuwa nguvu haipo, yote ni mawazo. Naona waliondoka upesi mno. Mtoto alizimia kweli, na kilichomwangusha kilistahili uchunguzi mwingine.

Kilingeni buhuri hufukizwa, ngoma hupigwa, na kila kabila la pepo lina mdundo wake, nyimbo zake, nguo zake na chakula chake. Pepo wa rubamba, ambao ni wa Pemba wenyewe, hawataki yale ya pepo wa Kiarabu, na wa kibuki, waliotoka Bukini, yaani Madagaska, wana desturi zao kabisa. Fundi hubadilisha mdundo mpaka mmoja umguse mgonjwa: mabega yanatetemeka, kichwa kinazunguka, sauti inabadilika. Hapo pepo huulizwa jina lake, kwao, na anachokitaka. Angalia jinsi hili linavyofanana na chujio la jukwaani lakini likaenda kinyume. Mpumbazaji ana agizo moja na anatafuta mtu wa kulipokea. Fundi ana mtu mmoja na anatafuta mdundo utakaopokewa, naye ana saa nyingi, pengine siku kadhaa. Tena waliozunguka si watazamaji tu. Wengi wao wamewahi kupandwa, wanaujua wimbo, na mgonjwa mpya amewaona wakipandwa tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Anajua bila kufundishwa mwili unaopandwa hufanya nini.

Ruhusa nayo ni kubwa. Kibuki hunywa brandi. Mwanamke wa Kiislamu ambaye maisha yake yote hajaonja kileo anakunywa mbele ya majirani, na majirani wanajua kuwa aliyekunywa ni pepo. Mwanaanthropolojia Kjersti Larsen, aliyefanya utafiti wa miaka mingi Zanzibar, ameonesha kuwa wenyeji humtenganisha kabisa mtu na pepo wake, kila mmoja ana tabia na madai yake. I. M. Lewis alikuwa amesema mwaka 1971 kwamba mapepo ni silaha ya wanyonge, hasa wanawake, ya kudai wanachonyimwa. Linda Giles akamjibu mwaka 1987, baada ya kufanya utafiti pwani ya Waswahili, kuwa hapa wapandwao si watu wa pembezoni peke yao. Mimi niko upande wa Giles. Ukimwona mtu mwenye heshima zake anapandwa, nadharia ya unyonge inabaki haina pa kusimama, ilhali ile ya ruhusa bado inasimama.

Swali la "anaigiza?" kilingeni huulizwa pia, na wakali wa kuliuliza ni wenyewe kwa wenyewe. Pepo asiyejua wimbo wake hutiliwa shaka, na anayepanda pale tu palipo na zawadi husemwa. Wanaujua uongo, na wanaujua kwa sababu wanaamini kuna ukweli wa kuupimia. Ukumbi wa jukwaani hauna kipimo hicho.

Kisha tazama kinachotokea pale ruhusa na matarajio vinapoenea bila fundi. Mwanzoni mwa 1995, kipindi kilichoangukia Ramadhani, Pemba ilishikwa na hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemwa kuwavamia watu usiku. Watu walieleza kuamka usiku hawawezi kujitikisa, kifua kimekandamizwa, kuna kitu chumbani, kisha kuingiliwa kwa nguvu, wanaume kwa wanawake. Mwanzo wa simulizi hizo madaktari wanaujua na lugha yetu imeujua zamani: jinamizi. Ubongo unaamka wakati misuli bado imefungwa na usingizi wa ndoto, na mtu huhisi yupo mwingine juu yake. Usingizi wa kukatikakatika huliongeza, na watu wa Pemba sasa walikuwa wanakesha nje makundi makundi, wamewasha moto, wakilala kwa vipande. Dawa ya hofu ikawa inaichochea.

Lakini jinamizi peke yake haliruki kutoka kijiji hadi kijiji. Kilicholibeba ni sharti moja: aliyetokewa alitakiwa atangaze hadharani, akinyamaza atarudiwa. Kwa mchambuzi wa mbinu, hiki ndicho kiini cha jambo lote. Kila aliyepatwa akawa mnadi wa kumwandaa jirani ajue nini kitamtokea na kwa mpangilio gani, akiwa na sababu nzuri ya kutonyamaza. Aibu ambayo kwa kawaida ingemfunga mtu mdomo iliondolewa na sharti lenyewe. Na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi ya Zanzibar ulikuwa unakuja Oktoba mwaka ule, jambo ambalo watu walilihusisha na hofu hiyo. Lawama za nani kamleta Popobawa zilifuata njia za siasa.

Mpumbazaji ana amri ya kuamsha, na kilinge kina namna yake ya kumridhisha pepo na kumuaga, baada ya hapo mgonjwa huitwa kwa jina lake na kupewa maji. Popobawa hakuwa na yeyote mwenye mamlaka ya kufunga shughuli. Hofu ilivuka hadi Unguja, na huko umati ulimuua mtu mwenye ugonjwa wa akili, ukidai ndiye Popobawa. Kisha ikavuka tena hadi Dar es Salaam, ambako mwaka 2007 watu walirudi kulala nje.