Kucheza bila kuhesabu bao

Bandugu, nianze na aibu yangu. Mwaka ule nilipomaliza lisansi, mimi na rafiki yangu wa tangu sekondari tuliacha kusalimiana karibu miezi miwili. Sababu? Bao la dakika ya 89 katika FIFA, kwenye chumba kimoja cha PlayStation huku Kadutu, Bukavu. Tulikuwa tumeweka franga, si nyingi, lakini wakati ule hakuna mmoja wetu aliyekuwa na kazi. Kilichoniuma si zile franga. Ni kwamba nilishindwa tena mbele ya watu, baada ya barua zote za kuomba kazi zilizokosa jibu.

Tangu 2023 mchezo huo unaitwa EA Sports FC, kwetu bado ni FIFA tu. Siukatai, umetengenezwa vizuri. Lakini kila kitu ndani yake ni hesabu: saa, bao, nafasi. Na pale chumbani mshindi anabaki kwenye kiti, aliyeshindwa anapisha. Mwishowe mtu hachezi tena, anajitetea.

Kadogo mmoja wa mtaa ndiye alinionyesha njia ingine. Analipa dakika zake, anafungua GTA: San Andreas, ile ya 2004, na hafanyi misheni hata moja. Anachukua baiskeli, anapanda mlima Chiliad polepole, halafu anashuka mbio akicheka peke yake. Akipata gari nzuri anafungua redio, anazunguka mpaka dakika zake ziishe. Nikamuuliza: "Sasa umeshinda nini?" Akaniangalia kwa huruma: "Yaya, nilikuwa natembea tu."

Sifichi kwamba mchezo huo umejaa bunduki na magenge, na misheni zake nazo zina kushinda na kushindwa. Uzuri wake uko pembeni: miji 3, jangwa, barabara ndefu, na hakuna saa inayokufukuza. Waliouunda waliacha nafasi ya kupotea njia.

Mfaransa Roger Caillois, katika kitabu chake cha 1958 juu ya michezo, aligawa michezo mafungu 4: mashindano, bahati, kuigiza na kizunguzungu. Kadogo yule akishuka Chiliad yuko kwenye kizunguzungu. Sisi tuliosoma tumebakiza fungu moja tu, mashindano, na tukiweka franga tunaongeza bahati.

Mtaniambia: kushindana kunaleta bidii. Ni kweli, na mechi kali ina utamu wake. Lakini angalieni maisha yetu. Tangu shule ya msingi tunapangwa: wa kwanza, wa mwisho. Diploma ya Serikali ni asilimia. Kazi ni konkuru, watu wengi kwa nafasi moja. Kama hata saa ya kupumzika inageuka mtihani, tutapumzika wapi?

Mimi ndiye nilimtafuta rafiki yangu. Sikumpeleka kwenye FIFA. Tulilipa nusu saa ya San Andreas, tukapokezana maneti: yeye anaendesha, mimi ninachagua redio. Gari likaanguka ndani ya maji, tukacheka mpaka mwenye chumba akatugombeza. Tulipotoka, hakuna aliyekuwa na deni kwa mwenzake.

Na wewe, mara ya mwisho ulicheza bila kuhesabu ilikuwa lini?