Potwe wa Kilindoni, Jamani!

Samaki mkubwa kuliko wote duniani amenipita chini ya miguu, nami nina bomba la kupumulia mdomoni, hata kupiga kelele siwezi! Nimetoka majini sasa hivi, chumvi haijakauka mwilini, na tayari naapa: Tanzania hii hakuna burudani ya baharini inayofikia kuogelea na papa potwe Mafia. Kuteleza majini kwa tiara kule Paje, Zanzibar, ni raha, sikatai. Hii ni habari nyingine.

Boti zinaondokea Kilindoni, upande wa kisiwa unaotazamana na delta ya Rufiji. Mto unamwaga rutuba, planktoni na uduvi wanastawi, dagaa wanafuata, wavuvi nao wanafuata dagaa. Potwe atakosaje kwenye karamu hiyo? Ndiyo maana nahodha wetu alikuwa akikodolea macho ndege na mashua za wavuvi. Ghafla akapunguza mwendo. Pezi! "Ruka, ruka!"

Ukiruka, usipige maji ovyo, teleza. Mwanzo huoni kitu, maji yana ukungu wa kijani (usinung'unike, ukungu huo ndio chakula chenyewe). Mara madoa meupe yanajitokeza, safu kwa safu, juu ya mgongo wa kijivu usioisha. Kila potwe ana mpangilio wake wa madoa, na watafiti humtambua kwa picha za ubavuni. Kinywa kipana kama mlango wa stoo, kiko wazi, kinameza maji na kuchuja. Matamvua yanafunguka, yanafumba. Visamaki vimemganda tumboni, vinasafiri bure. Wala hakushughulika nami! Mkia ukapunga mara moja, nikaachwa nyuma huku nikitapatapa.

Usimguse, usimkatie njia, usipige picha kwa flashi. Kilichonikera ni boti kadhaa kumzonga potwe mmoja. Wahini nyie alfajiri. Na bebeni miwani yenu, ya kuazima ilinivujia.

Msimu mzuri ni Oktoba hadi Februari. Baada ya hapo wengi wao hawahami, wanasogea tu kwenye maji ya mbali yenye kina. Kufika ni kwa ndege ndogo kutoka Dar, au kwa chombo kutoka Nyamisati kama tumbo lako linastahimili mawimbi.

Kesho ningeenda Ghuba ya Chole kuona matumbawe, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995. Ningeenda. Lakini nahodha anasema boti ya alfajiri ina nafasi moja, na nimeshalipa.