Banda Lisilotokwa na Jasho

Mwezi wa Julai, Makete haihitaji jogoo wa kuamsha watu. Baridi huwaamsha. Huko Kitulo sakitu hutanda juu ya nyasi kama chumvi iliyomwagika, na maji ya kuku yaliyosahauliwa nje huvaa ngozi nyembamba ya barafu. Asubuhi ya namna hiyo mfugaji hutoka nje ameshika ufunguo na swali moja: wamelalaje?

Msimu mzima swali hilo nililijibu kwa makosa. Nilipojenga banda langu la kwanza niliogopa baridi kuliko kicheche, nikaziba kila kitu. Nyufa nikazipiga udongo, madirisha nikayafunika kwa nailoni, hata upenyo wa chini ya paa nikausokomezea magunia. Usiku nililala nimeridhika. Asubuhi nilipofungua mlango, amonia ilinichoma macho. Matone yalining'inia kwenye bati kwa ndani, kama vile banda limetoka kukimbia. Kuku walikuwa wakikoroma kwa mafua. Nikafikiria kuwaingizia jiko la mkaa.

Jirani yangu, seremala mzee, alipita akachungulia.

"Shikamoo, Mzee. Baridi itaniulia kuku."

"Marahaba. Siyo baridi, mwanangu. Umewavalisha nguo mbichi. Na hilo jiko ukiliingiza humu ulivyoziba, kesho utawakuta wamekufa wote."

Nguo mbichi. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifungulia ufundi wenyewe. Kuku amezaliwa na koti lake. Joto la mwili wake hufika nyuzi 41 hivi, zaidi ya letu, na akitutumua manyoya hufungia hewa ya moto kati ya ngozi na usiku. Asichokuwa nacho ni jasho. Maji yake humtoka kwa pumzi na kwa kinyesi, usiku kucha. Ukiwafungia kuku 20 ndani ya sanduku, mvuke hupanda, hukutana na bati baridi, hugeuka matone na kuwarudia mgongoni. Manyoya yakilowa hayashiki joto, na upanga wa jogoo ukiwa na unyevu huumwa na baridi upesi. Basi kazi ya fundi ni kuutoa unyevu nje bila kuwapigisha walalao upepo.

Mzee alinichorea jibu chini, kwa kijiti. Ukuta uwe mzima kuanzia chini hadi juu ya vichwa vya kuku. Juu ya hapo, chini ya paa, paachwe wazi kwa wavu, mvuke upate njia. Kisha akanigeuzia banda zima. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini, na upepo wa msimu huo hutoka kusini-mashariki. Banda liupe upepo mgongo na jua uso. Dirisha kubwa likaenda kaskazini.

Baadaye nilisoma kwamba mawazo hayo yamewahi kutembea mbali sana na Makete. Nchini Marekani, kwenye theluji ya kweli, Prince T. Woods alichapisha mwaka 1912 kitabu cha kuyatetea mabanda ya hewa wazi, ambayo upande wa mbele huzibwa kwa wavu tu. Uso wa banda lake ulielekea kusini, maana huko ndiko liliko jua la kipupwe chao. Kule Oka, Quebec, mtawa Wilfrid Châtelain alianza mwaka 1908 kuchanganya mbegu hadi akampata kuku aitwaye Chantecler, mwenye upanga mdogo usio na cha kugandishwa. Mtawa alimrekebisha ndege, Woods akarekebisha nyumba. Mimi mbegu siiwezi, lakini msumeno ninao.

Tulianza na vichanja. Nilikuwa nimeweka fito za mianzi, nyembamba na za mviringo. Mzee alizing'oa, akaweka mbao za mbili kwa nne zilizolazwa ubapa, kingo zake zimepitishwa randa. Juu ya ubao mpana kuku hukunjua vidole na kuvilalia, manyoya ya tumbo yakawa blanketi. Hakupiga msumari hata mmoja: kila ubao ulikaa kwenye pengo lililochongwa, unanyanyuliwa na kutolewa juani. Sababu ni utitiri. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, usiku hutoka kunyonya damu. Mbao zilizogongelewa ni nyumba ya utitiri. Zinazotoka nje, zikasuguliwa na kupakwa chokaa, haziwapi pa kujificha.

Chini ya vichanja tuliweka meza ya kupokea kinyesi cha usiku. Kila asubuhi naikwangua kwa kipande cha bati, ndoo inakwenda kwenye shimo la mboji, na baadaye kwenye viazi. Sakafuni ni maranda makavu ya msindano, kina cha sentimita 10, ambayo viwanda vya mbao vya Njombe na Mafinga huyarundika kama vilima. Panapolowa natoa, panaposhikana nageuza.

Kitu cha mwisho kilikuwa mlango. Mimi nilitaka mdogo, ili joto lisitoke. Mzee alipima urefu wangu, akapima upana wa toroli, akakata tundu la kutosha vyote viwili. "Banda la kuingia kwa magoti," alisema, "utalifagia Krismasi hadi Krismasi." Ndipo nilipoelewa kwamba usafi wa banda haungoji ufagio. Huanzia kwenye penseli ya fundi, pale anapomfikiria mtu atakayechoka saa kumi na mbili asubuhi, mikono imekufa ganzi, akitafuta kisingizio cha kuahirisha.

Nyumba za watu tunazisifu kwa kutazama vigae na mapazia. Banda huwezi kulisifu kwa macho. Ingia alfajiri, vuta pumzi, kisha pandisha mkono ushike bati.

Julai hii maji ya beseni yameganda tena. Bati ni kavu.