Kitabu Huandaliwa Dar, Husomwa Dodoma

Chukua kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 40, kile kilichobanwa kwa pini mbili, kisha ukigeuze ubavu. Hakina mgongo. Sasa mwambie mkutubi abandike hapo 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili, na chini yake herufi tatu za jina la mwandishi. Haiingii. Lebo itahamia kwenye kona ya jalada, na kijitabu kikishabanwa rafuni namba haionekani mpaka ukichomoe.

Namba hiyo ndefu ina historia, nayo inaanza na wanaoibandika. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyokuja kutuma vitabu bara kwa masanduku na kwa posta. Sheria ya 1963 ikaunda bodi ya huduma za maktaba ya Tanganyika, nayo ikashika njia ambayo mimi naiona ya busara: vitabu vinunuliwe, viainishwe na viorodheshwe mahali pamoja, Dar es Salaam, ndipo viende mikoani vikiwa tayari kupangwa. Wakutubi waliosomea kazi walikuwa haba. Chuo cha ukutubi cha Makerere kilianza mwaka 1963 huohuo. Ukiwatawanya hao wachache, kila mmoja atakiainisha upya kitabu kilekile, na pengine kwa namba yake mwenyewe. Kwa hiyo Maktaba Kuu aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967 ilikuwa ukumbi wa kusomea, na nyuma ya ukumbi ilikuwa karakana.

Hasara ya kukusanya kazi mahali pamoja iko kwenye uchaguzi wa vitabu. Kutoka Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450, na msomaji wa Makole, mjini Dodoma, anayetaka kitabu cha kilimo cha zabibu anamtegemea mtu anayeitazama nchi nzima kwa mkupuo. TANU, chama tawala, iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Jengo la Maktaba Kuu likabaki palepale, Barabara ya Bibi Titi.

Lakini tusiisingizie Dar kila kitu. Mpango wa namba ni wa Melvil Dewey, Mmarekani, aliyeuchapisha mwaka 1876. Fasihi ya Kiingereza ilipewa 820, tarakimu tatu, basi. Ya Kiswahili imewekwa uani, kwenye 890 za "nyinginezo", ndiyo maana inahitaji sita. Dini ni hivyohivyo: Ukristo umetandaza mkeka kuanzia 220 hadi 280 na ushei, Uislamu umebanwa kwenye 297, na dini za jadi za Afrika, ya Wagogo wa Dodoma ikiwamo, zinagombea 299.6. Rafu ya mji wenye makanisa na misikiti inajipanga kwa macho ya Marekani ya karne ya 19.

Hata hivyo, mpango wenyewe una mlango wa pembeni. Unaruhusu maktaba kuipa fasihi ya nyumbani namba fupi, 810 kwa mfano, na ile ya Marekani ikasogezwa kwingine. Hapo ndipo meza moja ya Dar inapokuwa na nguvu: uamuzi wa alasiri moja unaweza kufika Dodoma, Mwanza na Tanga pamoja na shehena ya vitabu vipya. Kazi iko kwenye vya zamani, maana kila lebo ibanduliwe kwa mkono. Kijitabu chetu bado hakitaota mgongo, ila 810 utaisoma ukikivuta nusu tu.