Mkono Ulioshika Yai

Novemba 2023, mwanamke wa miaka 70 alijifungua pacha kwa upasuaji mjini Kampala, mvulana na msichana. Vyombo vya habari vilishangilia umri wa mama. Mtu wa maabara hakupigwa picha, ingawa mimba ile ilianzia kwake: yai lilitoka kwa mchangiaji, na kuna mtu aliyelishika.

Yai la binadamu lina upana wa takriban milimita 0.1, nukta ambayo mwenye macho mazuri anaweza kuiona bila hadubini. Halivumilii uzembe. Likipoa, vinyuzi vinavyopanga kromosomu ndani yake huvurugika, kwa hiyo hata meza ya hadubini hupashwa joto ili yai libaki karibu na nyuzijoto 37. Mtaalamu hufanya haraka, lakini haonyeshi papara hata kidogo.

Itazame kazi yenyewe kwa njia iliyotangazwa na watafiti wa Brussels mwaka 1992, ya kuingiza mbegu moja ya kiume ndani ya yai moja. Upande mmoja, kibomba cha kioo hulivuta yai kwa mvuto mdogo na kulituliza. Mtaalamu hulizungusha polepole mpaka ile seli ndogo iliyojitenga pembeni ikae juu kabisa au chini kabisa. Kromosomu za yai huwa jirani nayo, na sindano itapita ubavuni, mbali na hapo. Mbegu nayo huwa imeshapigwa mkiani ili isichachawe, kisha ikafyonzwa ndani ya sindano ambayo tundu lake lina upana wa mikroni 5 hivi.

Sindano inaingia. Utando wa yai haupasuki mara moja. Unabonyea kwa ndani kama mpira uliopungua upepo. Hapa ndipo fundi anapojulikana. Akisukuma kwa nguvu, yai linakufa. Akiogopa, anaiacha mbegu ndani ya mkunjo wa utando akidhani imeingia, kumbe bado iko nje. Fundi hufyonza kidogo sana, anasubiri utando uachie, anaitua mbegu, kisha anatoka taratibu. Baada ya saa 16 hadi 18 hurudi kutafuta viini viwili, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Siku ya tatu hutarajia seli nane hivi. Katikati ya hapo, kazi kubwa ni kujizuia kufungua kabati la joto ovyo, na nadhani huo ndio ustadi mgumu kuliko wa sindano.

Kwa yai la kuchangiwa, kinachoamua zaidi ni umri wa aliyelitoa. Mwanamke wa miaka 45 akipata yai la msichana wa miaka 25, nafasi yake hukaribia ya wanawake wadogo kwake kwa miaka mingi. Nchini Marekani, kiinitete cha yai la kuchangiwa kikipandikizwa, mtoto huzaliwa hai takriban mara nne hadi tano katika kila kumi. Tangu mwaka 1984, watafiti wa Melbourne walipochapisha habari za mwanamke ambaye ovari zake hazikufanya kazi naye akazaa kwa yai la mwingine, imekuwa wazi kwamba mji wa mimba unaweza kubeba mtoto hata mayai ya mwenyewe yakikosekana.

Lakini mwili una hesabu zake. Mimba ya yai la mwingine huandamwa zaidi na shinikizo la damu na hatari ya kifafa cha mimba, hata ukilinganisha wanawake wa umri mmoja. Pacha huongeza mzigo huo, pamoja na uwezekano wa kuzaa njiti. Kwa hiyo namheshimu zaidi mtaalamu mwenye viinitete vitano vizuri mezani, familia ikimsihi aweke vitatu, naye akachagua kimoja na kuvigandisha vingine katika nitrojeni kimiminika, nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Baada ya hapo kazi ni ya mkunga na kipimo chake cha presha, na yeye hapigwi picha pia.

Wewe unayejiandaa kwenda kliniki, usiishie kuuliza bei. Uliza ni nani atakayeshika mayai, amefanya kazi hiyo kwa muda gani, na watapandikiza viinitete vingapi. Wakikwambia kimoja, wasikilize.