Mgeni na Kosa la Mwenyeji

Kazi ya mwanadamu haikosi kasoro, na aghalabu jicho la mwenye kazi ndilo la mwisho kuiona. Nyani haoni kundule. Kwa hivi, mtu wa nje abishapo hodi akasema, "Hapa pamepotoka, na dawa yake ni hii," hupima mambo mawili kwa mara moja: ubora wa kazi, na tabia ya mwenye kazi.

Jambo hili huonekana wazi katika programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo maandishi yake yamewekwa wazi, kila mtu aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Mfano wake u karibu nasi. OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutungwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret. Kumbukumbu ya mgonjwa si mchezo. Tarakimu moja ikikaa mahali pasipo pake, dawa yaweza kutolewa kwa kipimo kisichofaa. Basi kumsikiliza msahihishaji hapa si adabu tu, ni uhai wa watu.

Tumfikirie kijana wa Majengo, mjini Meru, aliyemaliza shule juzi. Ameona hitilafu katika programu, amekesha siku tatu akitafuta chanzo chake, ameitengeneza, na amepeleka rekebisho lake kwa wenyewe. Je, atapokewaje? Mapokezi ni ya namna tatu. Ya kwanza ni kimya: mwezi hupita asijue kama alisikiwa. Ya pili ni dharau: huulizwa yeye ni nani hata awasahihishe mafundi. Ya tatu ni jibu: "Ahsante, tumelipokea," au, "Ahsante, hatulipokei, na sababu ni hii."

Kwa maoni yangu, kimya ni kibaya kupita dharau. Dharau huonekana, na wenye haki huweza kuikemea. Kimya huwafukuza wengi bila ya shahidi. Lakini kukataa kwenye sababu ni somo, na mwenye kupewa somo huweza kurudi kesho na kazi iliyo bora. Ndiyo maana yafaa kuisifu desturi ya OpenMRS ya kutenga kazi ndogo ndogo kwa wageni, na kuyapitia marekebisho kabla ya kuyakubali. Donald Knuth wa Marekani alikwenda mbali zaidi: alianzisha desturi ya kumlipa dola 2.56 kila aliyekuwa wa kwanza kumwonyesha kosa katika vitabu vyake. Fedha ni kidogo, walakini wengi waliopata hundi hizo walizitundika ukutani kwa fahari wasizipeleke benki.

Hata hivyo, hukumu isiyomsikiliza mwenyeji si hukumu. Mara nyingi yeye hufanya kazi bila ujira, na kila rekebisho alikubalilo huwa mzigo wake baada ya mgeni kwenda zake. Tena si kila mgeni ni mwema. Mwaka 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kuichangia programu iitwayo XZ kwa miaka zaidi ya miwili na kuaminiwa na mwenyewe aliyechoka, alificha ndani yake mlango wa siri. Lakini tazama, msomaji: Andres Freund, aliyeufichua mlango huo, naye hakuwa mmoja wa watunzaji wa XZ. Mgeni mmoja alitia sumu, mgeni mwingine akaiona.

Hapana budi, basi, mlango uwe wazi na uwe na bawabu. Bawabu huyo achunguze kila mzigo, na ajibu kila hodi. Mgeni naye alete rekebisho dogo, alijaribu kwanza, aeleze sababu zake, na asubiri kwa heshima. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atapona iwapo hakuitikia hodi.